Safari ya Chakula Ndani ya Tumbo la Sungura

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya darasa la kisomo cha watu wazima pamoja na wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile, na wale waliokuwepo wakaomba wayasome tena polepole.)



Wote tunajua kilichotukusanya hapa. Tangu wiki iliyopita mabanda ya sungura ya ushirika yamekuwa ni msiba. Wale watoto walioachishwa kunyonya mwezi huu, zaidi ya nusu yao wamekufa, nao wamekufa kwa mtindo mmoja: jioni mzima anarukaruka, asubuhi amejikunyata pembeni, tumbo limejaa kama ngoma, nyuma ameloa, na kabla ya jua kuzama ameshakwenda. Wakubwa hawakuguswa. Sasa maneno yamekuwa mengi kijijini. Wapo wanaosema ni sumu. Wapo wanaosema ni mkono wa yule mama anayelisha, eti mkono wake mzito kwa mifugo. Na wapo wanaosema sungura ni mnyama mchafu, anakula mavi yake mwenyewe, kwa hiyo nani atashangaa akiharisha? Mkutano mkuu wa Jumapili ijayo utapiga kura kama mradi uendelee, au sungura wote wauzwe na mabanda yavunjwe yawe kuni.

Sisi wa ofisi ya tawi hatukuja kuwaambia mpige kura gani. Kura ni yenu. Ila tumeona si haki watu wakate shauri juu ya tumbo ambalo hawajaliona. Ndiyo maana juzi, mbele ya mashahidi watano na mtaalamu wa mifugo wa kata, tulipasua sungura wanne kati ya waliokufa, na mmoja mzima aliyechinjwa kwa kitoweo, tukawalaza wote kwenye meza moja. Tuliyoyaona tutayasema. Lakini hayataeleweka kabla hatujafuata chakula tangu mdomoni mpaka kinapotoka, na tena, wazee mtusamehe, mpaka kinaporudi mdomoni mara ya pili.

Wazee wetu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakaelezwa habari za vijidudu ambavyo hakuna aliyeviona kwa macho, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Leo pia tutazungumza sana habari za vijidudu, tofauti ni kwamba hawa wa leo wengi wao ni marafiki.

Kwanza tusichanganye majina. Yule sungura wa hadithi, mjanja anayewachezea fisi na simba, ni wa porini kwetu. Hachimbi shimo, analala juu ya ardhi majanini, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Hawa wa bandani ni jamaa zake wa mbali. Asili yao ni Hispania na nchi za jirani, ni wachimba mashimo, na watoto wao huzaliwa vipofu, uchi kabisa. Lakini kwa habari ya tumbo, wa porini na wa bandani wana ujanja mmoja, nao ndio tutakaoufikia.

Haya, tuanze mdomoni. Sungura ana meno 28. Mbele, juu, unaona mawili makubwa, lakini ukichungulia nyuma yake yapo mengine mawili madogo kama vigingi, ambayo panya hana. Kisha ni pengo refu, halafu magego. Meno yote haya, ya mbele na ya nyuma, hayaachi kukua mpaka anakufa. Ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kwa wiki, yaani kwa mwaka zaidi ya sentimita 10. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe, na hasa kusaga nyasi ngumu. Taya la chini linakwenda upande huu na upande huu zaidi ya mara 100 kwa dakika. Simama bandani jioni utalisikia, ni kama cherehani. Sungura anayelishwa vitu laini tu hapati kazi hiyo, meno yanarefuka na kupinda mpaka anashindwa kufumba mdomo. Basi kabla hata hatujafika tumboni, tayari nyasi ina kazi yake.

Tena sungura si mtu wa kula milo mitatu. Anakula kidogo kidogo, mara 30 na zaidi katika mchana na usiku, na sehemu kubwa ni tangu machweo mpaka alfajiri. Wengi wetu tunatupa majani asubuhi tukienda shamba, jioni tumechoka hatutupi kitu. Tunampa karamu wakati anataka kulala, halafu usiku anakesha na banda tupu.

Chakula kikishasagwa na kuchanganywa na mate kinapita umio na kuingia tumbo la kwanza. Tumbo hili ni mfuko mwembamba, kuta zake hazina nguvu nyingi. Kwa sungura mkubwa wa kilo 4 hivi linabeba kiasi cha gramu 100 za chakula. Pale umio unapoingilia pana msuli wa mviringo unaokaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Hapa ndipo pa kushika vizuri, ndugu zangu: kikishaingia hakirudi. Ng'ombe anacheua. Mbwa akila kibaya anatapika, keshokutwa mzima. Sungura hawezi kutapika kabisa. Akila jani baya, limekwisha kuwa lake. Akijilamba manyoya, na anajilamba kutwa, manyoya hayo hayana njia ila kwenda mbele, na kinachoyasukuma mbele ni nyasi zenye nyuzinyuzi. Tumbo la sungura mzima huwa halibaki tupu hata siku moja. Ukimpasua ukakuta chakula, usiseme ameshiba kupita kiasi.

Ndani ya tumbo hilo mna maji makali ya asidi, makali kweli kweli kwa sungura mkubwa, yanaua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Kwa mtoto anayenyonya ukali huo haujaja. Yeye analindwa na maziwa ya mama yake, ambayo anayapata mara moja tu kwa siku kwa dakika chache. Wengi hudhani mama amewatupa watoto kwa sababu hawamwoni kiotani. Hajawatupa, ndiyo desturi yake. Sasa angalieni wakati mbaya ulipo: maziwa yanakwisha, ulinzi wake unaondoka, na ukali wa tumbo bado haujakomaa. Ni wiki ya 4 mpaka ya 7. Na waliokufa bandani kwetu walikuwa wa umri gani? Wiki ya 5 na ya 6.

Tumboni chakula hukaa saa 3 mpaka 6, kisha kinaingia utumbo mwembamba. Tuliunyoosha ule wa kitoweo tukaupima kwa futi ya fundi cherehani, ukafika karibu mita 3, mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Humo nyongo ya ini inaingia, na maji ya kongosho yanaingia, na kila kilicho chepesi kinayeyushwa na kunyonywa na damu: sukari, wanga mwingi, protini, mafuta. Kinapita kwa haraka, kama saa moja na nusu. Nyuzinyuzi za nyasi hazina habari na maji hayo. Zinapita kama zilivyoingia.

Hapa sasa tumefika penyewe.

Utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, pembeni mwa njia pana mfuko. Kwa binadamu mfuko huo ni mdogo, hatuna habari nao mpaka kidole tumbo chake kiume tupelekwe kupasuliwa. Kwa sungura ndio kiungo kikubwa kuliko vyote tumboni. Umejikunja kama konokono, urefu wake sentimita 40 na zaidi, unene kama bomba la maji, na mwisho wake ndipo kilipo kidole tumbo, sentimita 10 au zaidi. Ukichukua yote yaliyomo matumboni mwa sungura ukayagawa mafungu 10, mafungu 4 yamo humo. Darasani tuliuita mfuko wa nyuma, na jina hilo limetutosha.

Ng'ombe naye ana pipa lake la kuchachushia majani, ila lake liko mbele, kabla ya matumbo mengine. Vijidudu vinachachusha, kisha kila kitu kinashuka taratibu na kunyonywa njiani. Sungura pipa lake liko nyuma. Ndani yake mna uji mzito wa kijani-kahawia, na ndani ya uji huo vijidudu visivyo na idadi. Vinakula mabaki ambayo sungura mwenyewe ameshindwa, na katika kula kwao vinatoa asidi ambazo zinapita ukutani mwa mfuko na kuwa nguvu ya mnyama. Iliyo nyingi kuliko zote ni ileile asidi inayofanya siki iwe siki. Tena vijidudu hivyo vinajijenga miili yao, na miili yao ni protini, na vinatengeneza vitamini za kundi B na vitamini K.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini mwone shida yake. Protini na vitamini zimetengenezwa nyuma, na mahali pa kuzinyonya ni utumbo mwembamba, ambao chakula kimeshaupita. Ni kama kijiji kilichojenga ghala chini ya mto na mashine ya kusaga iko juu, na maji hayapandi mlima. Sungura afanyeje?

Anachofanya ni hiki. Utumbo mpana wake, mwanzo wake, kama nusu mita hivi, una mikunjo na vifuko vifuko, na kazi yake ni kuchekecha. Yale makapi makubwa, nyuzi za kuzidi milimita 0.3, yanasukumwa mbele, yanakamuliwa maji, yanatoka kuwa zile gololi kavu tunazozifagia chini ya mabanda. Ile chenga laini pamoja na maji inarudishwa kinyumenyume kwenye mfuko ikachachuke zaidi. Akina mama mnaopeta mchele kwenye ungo mmeshaelewa, ni kazi ileile, ila kapi ndilo linalokwenda mbele na chenga ndiyo inayorudi ndani.

Kisha mara moja kwa siku, aghalabu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri akiwa ametulia baada ya kula usiku kucha, mambo yanageuka. Uchekechaji unasimama. Ule uji wa mfuko wa nyuma unatoka wenyewe, unavikwa utando wa ute, unatoka kwa vishada vya vidonge vidogo laini vinavyong'aa, kama tunda la forosadi. Na sungura anajua dakika ile ile. Anainama, anaupokea kwa mdomo palepale unapotokea, anaumeza bila kuutafuna. Haujagusa sakafu. Ule ute unavilinda vijidudu tumboni kwa saa kadhaa, vinaendelea kuchachuka humo, halafu vinayeyuka, na safari hii vinapita kwenye utumbo mwembamba na kunyonywa kama chakula kingine. Ghala limepandishwa juu ya mto.

Hicho ndicho watoto wetu walichokiona wakakimbia kutangaza kijiji kizima kuwa sungura wanakula mavi.

Si mavi yale, au tuseme si mavi tunayoyajua. Waliopima wamekuta hivi: kinyesi kigumu kikikaushwa kina protini gramu 13 hivi katika kila gramu 100, na hiki laini kina karibu 30. Hiyo ni zaidi ya kunde. Daktari wa mifugo Mfaransa aitwaye Morot aliandika habari za jambo hili mwaka 1882, kwa hiyo si ugonjwa wa kwetu wala si uchafu wa mabanda yetu. Waliojaribu kuwavisha sungura kola shingoni wasifikie nyuma waliona wanakua vibaya na protini ya chakula inapotea bure. Mwanachama mmoja alishauri tuweke sakafu ya wavu wa chuma ili kinyesi kidondoke wasikifikie. Wavu ni mzuri kwa usafi, tuuweke, lakini kwa hilo hausaidii, maana haokoti chini, anapokea juu.

Na kwa wale waliokataa mchuzi siku ya sherehe ya shule: kuku anayechakura jalalani mnamgombania firigisi. Hatutasema zaidi.

Huu uchekechaji wote, huku kwenda mbele na kurudi nyuma, unaendeshwa na nini? Unaendeshwa na zile nyuzi ngumu zilezile ambazo sungura hapati shibe kutoka kwake. Zinakuna ukuta wa utumbo, utumbo unajikunja na kusukuma. Kwa nyasi nzuri safari nzima tangu mdomoni mpaka gololi ni kama saa 20, mara nyingine 18, mara nyingine 30. Ondoa nyasi, weka kitu laini, na gari linazimika. Chakula kilichosagwa sana hakina makapi ya kusukumwa mbele, chote ni chenga, chote kinarudishwa kwenye mfuko wa nyuma na kukaa humo mno. Na kama chenga hiyo ina wanga mwingi, mtoto wa wiki tano hana uwezo wa kuumaliza wote kwenye utumbo mwembamba, basi unamwagika kwenye mfuko. Vijidudu marafiki vimezoea makapi, si karamu. Vinapungua, na vile vibaya, ambavyo siku zote vilikuwemo vichache kimya, vinapata chakula na nafasi. Vinazaana kwa saa chache. Vinatoa gesi na vinatoa sumu. Mtoto anahara maji, na kutapika hawezi, na saa 24 ni nyingi kwake.

Turudi mezani basi. Yule wa kitoweo, mfuko wake wa nyuma ulikuwa na uji mzito, ukiukata unasimama kwenye kisu. Wale wanne, mfuko ulikuwa na maji ya kahawia yenye povu na gesi, ukuta wake umewiva mwekundu, na katika wawili utando wa ute mwingi kama wa bamia kwenye utumbo mpana. Tumboni tulikuta nini? Pumba laini nyeupe za mahindi, na nyasi hakuna. Ini halikuwa na madoa meupe. Mashahidi wote watano wameona na wametia sahihi, na mmoja wao ametia sahihi yake ya kwanza maishani, ambayo aliifundishwa katika darasa hili.

Pumba zile zilifikaje? Hilo halina siri. Wenzetu wa zamu ya Jumamosi waliona watoto wamekonda baada ya kutengwa na mama yao, wakawahurumia, wakaleta debe zima kutoka mashineni wakawamwagia mchana na usiku. Nia ilikuwa njema kabisa. Yule mama anayelisha siku zote alikuwa amekwenda msibani kwao siku mbili, na aliporudi alikuta vyombo vimejaa. Wakubwa nao walizila, lakini matumbo yao yamekomaa na walikuwa wamezoeshwa pumba kidogo kidogo. Kwa hiyo habari ya mkono mzito tunaomba iishie hapa hapa. Mkono wake ndio uliowalea mpaka wiki ya tano.

Sumu ya mtu tunaiondoa pia, ingawa hatuondoi sumu ya majani. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mparachichi yasikanyage bandani. Kisamvu kibichi vilevile, tunakijua wenyewe jinsi tunavyokitwanga na kukichemsha kabla ya kukila. Sungura hana kinu wala chungu. Lukina kidogo ni sawa, ikiwa nyingi inadhuru. Na majani mazuri, kama ya viazi vitamu, kishonanguo na mabingobingo, yakitoka shambani yameloa mvua au yamelundikwa mpaka yakapata joto, yaanikwe kwanza yanyauke.

Kuna jambo la dawa, nalo ni zito. Baada ya vifo vya kwanza kijana mmoja alifungua kidonge cha amoksilini kilichobaki nyumbani akataka kukichanganya na maji ya kunywa. Alizuiwa mlangoni, ni bahati. Dawa za jamii ya penisilini, yaani amoksilini na ampisilini, sungura akimeza zinaua vijidudu marafiki wa mfuko wa nyuma na kuwaachia uwanja wale wabaya. Ni njia ya hakika ya kumaliza hata wakubwa. Dawa ya duka la watu isiingie bandani bila mtaalamu wa mifugo kusema jina lake na kipimo chake.

Sasa ulishaji. Hatutaandika mengi, kwani mtaalamu ameshatoa karatasi na imebandikwa mlangoni mwa banda. Nyasi kavu ziwepo saa zote, mchana na usiku, na fungu kubwa litupwe jioni. Maji safi kila siku, maana bila maji uji wa mfuko unakauka na sungura anaacha kula. Mama anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku. Pumba si haramu, ila ni kitoweo, si ugali: konzi moja kwa mkubwa, na kwa mtoto aliyeachishwa hakuna mpaka wiki ya 8, kisha aanze kwa kubana vidole vitatu na kuongezewa kwa siku 10. Kila badiliko la chakula lifanywe hivyo hivyo, polepole, maana unabadilisha chakula cha vijidudu, si cha sungura peke yake. Mtoto akiachishwa, aondolewe mama, yeye abaki banda lile lile na majani yale yale aliyoyazoea. Na zile gololi chache ambazo mama huziacha kiotani msizifagie zote kwa usafi kupita kiasi. Watoto wanazitafuna, na ni moja ya njia ambazo vijidudu marafiki hupita kutoka kwake.

Chini ya mabanda, kinyume chake, fagieni kila siku. Kile kinyesi kigumu kikilala siku mbili tatu penye unyevu, mayai ya vijidudu vya koksidia yaliyomo yanakomaa na kuwa hatari. Kile laini hakina shida hiyo kwa sababu kinamezwa kingali kibichi.

Na asubuhi watoto wa shule wasipite mabandani kuchungulia na kugonga wavu. Sungura akishtuliwa saa ile anaacha kupokea chakula chake cha pili, kinadondoka. Ukiona vishada vya forosadi vimetapakaa sakafuni jua kuna jambo: ama ameshtuliwa, ama amenona hafikii nyuma, ama ameshiba pumba. Ukiona gololi zimekuwa ndogo kama punje za mtama na ngumu, nyasi au maji yamepungua. Ukiona tangu jioni mpaka asubuhi hakuna gololi hata moja, usingoje kikao, mkimbilie mtaalamu.

Mwisho wa mazungumzo bibi mmoja wa mstari wa mbele aliuliza, na aliuliza vizuri: huyu aliyekwisha anza kuhara, afanyweje? Tulimjibu kama tulivyoelekezwa. Atengwe. Pumba, mboga za maji na kila kilaini kiondolewe mbele yake. Apewe nyasi kavu na maji safi, akalishwe pakavu pasipo upepo, na mtaalamu aitwe siku ile ile. Wengine wanapona, wengi wa umri ule hawaponi. Akauliza tena: na nyama ya aliyekufa je? Tulisema inafukiwa, na shimo liwe la kina mbwa wasilifikie.

Watoto waliobaki wako banda la tatu. Tangu Jumatatu wanakula nyasi kavu na majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa, na yule mama anahesabu gololi zao kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la ushirika kwa mkono wake. Mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma. Mtaalamu amechukua kinyesi akakipime kwa hadubini kama koksidia nazo zimo. Majibu yakifika kabla ya Jumapili yatabandikwa hapa, chini ya karatasi hii.